Nimechaguliwa CS na IT, na sijawahi kumiliki kompyuta. Nithibitishe wapi?

Mngoni_wa_Mahindi:

Wakuu, heshima kwenu. Shikamooni wale wakubwa.

Nimemaliza fomu siksi mwaka huu, EGM, nikapata tuu ya 10: Hesabu C, Jiografia C, Uchumi D. Nimeshatoka JKT, niko nyumbani Songea vijijini nasubiri chuo. Majibu yametoka, nimechaguliwa sehemu mbili: Sayansi ya Kompyuta (CS) chuo kimoja cha Dodoma, na Teknolojia ya Habari (IT) chuo kimoja cha Dar. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka nithibitishe kimoja, na siku zilizobaki zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Shida ni kwamba kompyuta sijawahi kumiliki. Shuleni zilikuwepo nane, zimefunikwa vitambaa, chumba kinafunguliwa akija mgeni. Nilichowahi kufanya kwenye kompyuta ni kuomba chuo na mkopo, na hapo aliyekuwa anabofya ni dada wa steshenari. Mimi kazi yangu ilikuwa kumtajia namba ya mtihani.

Baba mdogo anasema IT ni kutengeneza printa, niende CS. Jamaa yangu aliye mwaka wa pili anasema CS ni disko nje nje, yaani kufeli na kufukuzwa chuo, hasa kwa mtu wa EGM ambaye fizikia aliiacha fomu foo. Mama anauliza kitu kimoja tu: ajira ipo? Tumeuza mahindi, imepatikana laki sita ya laptopu. Naomba msinitanie, nina wasiwasi kweli.

Bweteka:

Dogo, nina digrii ya CS, GPA 3.8, na muda huu niko kijiweni Mbezi kwa Msuguri nasubiri abiria. Bodaboda yenyewe ya mkataba. Hiyo laki sita nunueni mbolea.

Mama_Waya:

Bweteka, pole mdogo wangu, lakini usimkatishe mtoto wa watu tamaa kabla hata hajapanda basi.

Mngoni, huyo baba mdogo mpe shikamoo yangu, halafu mwambie kwamba katika miaka tisa ya IT printa nimetengeneza mbili tu, na zote zilikuwa za bosi. Kazi yangu ni mitandao. Nilisoma IT, na tulisoma programu pia, kanzidata pia, ila uzito ulikuwa kwenye vitu vinavyofanya kazi tayari: kuvifunga, kuviunganisha, kuvilinda, na kuvirudisha vikifa saa nane usiku.

Nikupe mfano, uone kama utaupenda. Ofisi moja ya ghorofa nne, Jumatatu asubuhi mtandao wote umekufa. Siyo taratibu, umekufa kabisa. Naingia chumba cha mitambo nakuta taa za swichi zote, vile visanduku vya kuunganishia waya za kompyuta, zinawaka na kuzima kwa pamoja kama za Krismasi. Hapo nikajua kuna mahali waya umejirudia. Swichi ikipokea ujumbe wa kutangazia wote, inautoa kwenye matundu yake yote isipokuwa lile tundu ulioingilia. Sasa waya ukitoka swichi hiyo na kurudi swichi hiyo hiyo, ujumbe unatoka unarudi, unatoka unarudi, na kila ukirudi unazaa mwingine. Ndani ya sekunde chache hakuna nafasi ya kitu kingine chochote kupita. Kuna kinga ya jambo hilo ndani ya swichi nzuri, ila aliyefunga zile aliizima au hakuwahi kuijua. Nilitembea ghorofa kwa ghorofa nikichomoa waya mmoja mmoja, saa tatu nzima. Ghorofa ya pili, chini ya meza, nikaukuta. Mfanyakazi mmoja aliona ncha ya waya inaning'inia, akaionea huruma, akaichomeka kwenye tundu la jirani.

Kama hadithi hiyo imekufanya utake kujua zaidi, IT inakufaa. Na hesabu usidhani utaikimbia: mtandao wenye anwani 256, yaani namba za kuvipa vifaa, ukiugawa vipande vinne sawa, kila kipande kina 64, ila za kumpa mtu ni 62. Ya kwanza ni jina la kipande chenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote. Hayo utayafanya kichwani kwenye usaili.

Nukta_Mkato:

Mngoni, nimesoma swali lako nikajiona mwenyewe.

Mimi ni wa Tandahimba, kwetu ni korosho. Siku ya kwanza ya maabara mhadhiri alisema "washeni mashine", nikabonyeza kitufe cha skrini. Kitaa kikawaka, halafu skrini ikabaki nyeusi. Nilikaa dakika arobaini nikijifanya naandika notisi, mpaka dada aliyekaa jirani akapitisha mkono chini ya meza akawasha boksi lenyewe. Hakusema kitu, na hadi leo namheshimu kwa hilo. Sasa huu ni mwaka wangu wa nane naandika programu za kupokea malipo.

Kwa hiyo hilo la kutowahi kumiliki kompyuta lisikutishe sana. Litakuumiza wiki sita za kwanza: kuchapa utachapa kwa kidole kimoja, faili utahifadhi usijue limeenda wapi. Baada ya hapo mnakuwa sawa na mtoto wa Masaki aliyekua na kompyuta chumbani, kwa sababu yeye alikuwa anachezea gemu na kuangalia muvi, na hivyo viwili havipo kwenye mtihani.

Hilo la fizikia, jamaa yako anakosea. Mwaka wa kwanza wa CS unabebwa na hesabu. Ile mada ya mantiki uliyosoma fomu faivu, zile jedwali za kweli na si kweli, ndiyo mlango wenyewe. Seti, ndiyo hizo hizo. Newton-Raphson uliyokaririshwa kwa ajili ya mtihani, utaambiwa uiandikie programu, na ndipo utaelewa kwa nini ilikuwepo. C ya Hesabu za juu inatosha kabisa kuanzia. Umesema siku zilizobaki zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Huko CS mkono mmoja unahesabu hadi 31. Dole gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 4, cha pete 8, cha mwisho 16, na kila kidole ama kimesimama ama kimelala; unajumlisha vilivyosimama. Namba 4 tu usimwonyeshe mtu mzima.

Sasa disko. Hapa nitasema ukweli wangu, maana nilipata sapu, mtihani wa marudio, kwenye somo la C muhula wa kwanza. C ni lugha ya programu, Dennis Ritchie aliitengeneza Marekani miaka ya 1970 mwanzoni, na vyuo vingi bado wanaanzia hapo. Asaimenti zote nilikuwa nimepata juu ya themanini. Nilikuwa nadesa. Tulikuwa na kundi, mmoja anafanya, sisi tunabadilisha majina ya vigeugeu (yale majina yanayobeba thamani ndani ya programu) na kuhamisha nafasi za mistari ili isifanane. Kumbe mtihani wa mwisho ni karatasi na kalamu. Unaandika programu kwa mkono, hakuna mashine ya kukuwekea mstari mwekundu. Swali lilitaka uhifadhi maksi za wanafunzi 10 kisha utafute wastani. Nikaandika mzunguko unaoanza 0 na kuishia 10. Hesabu vizuri: 0 mpaka 10 ni mara kumi na moja. Kwenye C vyumba 10 vina namba 0 hadi 9, kwa hiyo programu yangu ilikuwa inagonga mlango wa chumba cha jirani na kuchukua chochote itakachokuta. Swali la maksi 15, nikaambulia 4.

Nilirudi nyumbani na sapu mfukoni, sikumwambia mtu. Mzee alikuwa anaweka uzio upande mmoja wa shamba, mbuzi wa jirani walikuwa wanamaliza mihogo. Mita 100, nguzo kila mita 5. Akaniuliza ninunue nguzo ngapi. Mtu wa chuo, nikajibu bila kupepesa macho: 20. Tukachimba, tukasimamisha, tukafika mwisho, waya unaning'inia hewani hauna pa kufungwa. Nafasi ni 20, ila nguzo ni 21. Mzee akaniangalia, akaniuliza, "Huko chuo mnafundishwa nini?" Nilisimama pale na koleo mkononi nikaona kosa langu la mtihani liko mbele yangu, limelala chini urefu wa mita 100. Sapu niliifanya Septemba nikapata B iliyogeuzwa C, maana ndivyo kanuni za chuo chetu zilivyo kwa sapu.

Tangu hapo nilikuwa naandika kila programu kwanza kwenye daftari, naifuata kwa kidole mstari kwa mstari huku naandika pembeni kila kigeugeu kina thamani gani. Inachosha, lakini hata leo, na mshahara wangu, bado nafanya.

Halafu kuhusu tofauti ya CS na IT, usitegemee jina la kozi. Ingia tovuti ya kila chuo, tafuta orodha ya masomo ya miaka yote, iweke pamoja. Kuna IT zenye programu nyingi kuliko CS ya jirani. Ukikuta nadharia ya ukokotoaji, algoriti, jinsi mifumo endeshi inavyofanya kazi ndani, hiyo ni CS ya kweli. Ukikuta mitandao, usalama, usimamizi wa mifumo, uchambuzi wa mahitaji ya ofisi, huko ni kwa Mama_Waya, na usimdharau, siku mtandao wa kwetu ukifa sisi waandishi wa programu tunakaa kama mayatima.

Kama hujui algoriti ni kitu gani, ni hatua za kufuata ili kumaliza kazi: kijijini kwenu mtendaji ana daftari la mbolea ya ruzuku, si ndiyo? Majina 1,000, yamepangwa kwa alfabeti. Anakuja mzee Ngonyani. Mtendaji akianza ukurasa wa kwanza, jina moja moja, mzee atasinzia. Lakini akifungua katikati, akaona yuko kwenye K, nusu ya mwanzo yote anaiacha. Anafungua katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Kwa majina 1,000 haiwezi kuzidi mara 10. Yakiwa milioni moja, mara 20 tu. Mtendaji wako anaijua hiyo bila kwenda chuo. CS itakufundisha kuthibitisha kwamba ni 10 na siyo 11, na kujua inavunjika lini: daftari likiwa halijapangwa, imekufa.

Kuhusu ajira, Bweteka hasemi uongo. Nilikaa miezi kumi na minne bila kazi. Nilichofanya, nilimtengenezea katibu wa AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, programu ndogo ya kuingiza kilo za kila mkulima kabla korosho hazijaenda ghalani, maana alikuwa anajumlisha kwa kikokotoo mpaka saa sita usiku na kila msimu kuna mtu anagomba kwamba kilo zake zimeliwa. Alinilipa laki moja na nusu. Ilikuwa na makosa kibao. Lakini kwenye usaili wa kazi niliyonayo waliniuliza kuhusu hiyo tu, saa nzima. GPA hawakuitazama mbele yangu. Kwa hiyo mama mwambie: ajira ipo ila haigawiwi na cheti.

Kuna neno moja umwandae nalo. Nilimwambia baba kazi yangu ni kuandika kodi, yaani "code", maandishi ya programu. Akauliza: ya kichwa au ya nyumba?

Na nikuachie zoezi. Nguzo zinazunguka bwawa, duara, mita 100 kuzunguka, kila mita 5. Ngapi? Usigugo.

Mzee_Disketi:

Vijana, nawasoma tu. Serikali yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, marufuku. Mimi nimeanza kugusa keibodi nikiwa na miaka 34 na watoto watatu, kwa disketi za megabaiti 1.44, ambazo picha moja ya simu ya huyu kijana haiingii. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipotua Dar Julai 2009 nilikuwa nimeshazoea kubofya ukurasa, naenda kuchemsha chai, narudi. Kijana ana miaka kama ishirini anasema amechelewa! Kachelewa kutoka wapi?

Bweteka:

Mzee shikamoo. Nukta, hiyo ya AMCOS imenigusa. Hapa kijiweni tuna kikoba cha watu 26, daftari liko kwa mweka hazina na kila mwezi ni ugomvi. Digrii iko sandukuni. Ngoja niache hivyo.

Mama_Waya:

Usiache hivyo. Njoo inboksi.

Mngoni_wa_Mahindi:

Wakuu, asanteni. Shikamoo Mzee Disketi. Nilikuwa mlimani kutafuta mtandao, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Nimepakua orodha zote mbili za masomo pale steshenari, dada kanitoza mia tano kila ukurasa. Hadithi ya Mama_Waya nimeisoma mara mbili, lakini ya daftari la mbolea nimeisoma kisha nikaenda kwa mtendaji kuangalia. Kweli anafungua katikati. Nikamuuliza kwa nini, akasema "nitaanzaje na A wakati anaitwa Ngonyani?"

Sasa laptopu. Laki sita itatosha? Na niinunue wapi, Songea au nisubiri?

Nukta_Mkato:

Inatosha, ila usinunue mpya. Mpya ya laki sita ni plastiki, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, na baada ya mwaka utaichukia. Tafuta iliyotumika maofisini Ulaya, zile ThinkPad, Latitude au EliteBook, nyeusi, nzito, hazina urembo. Prosesa i5 kizazi cha sita kwenda juu, RAM 8, diski ya SSD, ile ya kasi, ya GB 256. Rangi na wembamba achana navyo.

Usinunue kwa picha. Nenda dukani, iwashe, na kaa nayo. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na stika ya RAM 8, nikailipia, nikapanda gari. Kufika hosteli nakuta 4. Niliporudi, muuzaji akasema stika siyo yake. Kwa hiyo ikishawaka bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance kisha Memory, utaona RAM yenyewe imeandikwa. Kisha izime na uiwashe upya: ikikuuliza nenosiri kabla hata Windows haijatokea, irudishe, hiyo imefungwa na kampuni iliyokuwa inaitumia. Fungua ukurasa wa kuandikia, bonyeza kila herufi moja moja, hata Q na X. Chomoa chaja, kaa nusu saa unapiga stori na muuzaji, angalia betri imeshuka kiasi gani. Akikuharakisha, ondoka.

Ningekuwa wewe ningesubiri bumu la kwanza, ile pesa ya mkopo, nione hali ya maisha kabla ya kununua. Wiki za mwanzo maabara ya chuo inatosha. Ila laki sita hiyo isikae M-Pesa, utaila.

Kwa sasa una simu janja, si ndiyo? Weka Pydroid, inaendesha Python kwenye simu bila intaneti ukishaipakua. Anza kesho. Ukifika sehemu yenye mtandao mzuri, kozi ya CS50 ya Harvard iko bure mtandaoni, ni ya mtu asiyejua chochote: inaanzia na Scratch, lugha ya kupanga vipande kama matofali, kisha inaingia C. Wiki ya kwanza ya masomo uwe umeshaonana na mabano na nukta mkato.

Zoezi langu vipi? Umelikimbia?

Mngoni_wa_Mahindi:

Sijakimbia kaka. Nguzo ni 20.

Mwanzoni nilisema 21, kwa sababu yako ilikuwa 21. Halafu nikachukua punje za mahindi nikazipanga kuzunguka ukingo wa sinia, nikaona punje ya mwisho inaangukia pale pale kwenye ya kwanza. Nikajaribu padogo nipate uhakika: mita 10 kila mita 5. Kwenye mstari punje 3, kwenye duara punje 2. Mita 15, mstari 4, duara 3. Kila mara duara ni pungufu moja, kwa sababu haina mwisho wa kufungia waya.

Mdogo wangu akaniuliza je, bwawa likiwa na geti? Geti la mita 5 lisilo na waya. Nguzo zinabaki 20, kinachopungua ni waya, unabaki mita 95. Sijui kama niko sahihi.

Nukta_Mkato:

Uko sahihi, na la geti sikuwa nimelifikiria.

Thibitisha Dodoma.

Mngoni_wa_Mahindi:

Namba ya kuthibitisha imeingia kwenye simu saa hii. Nateremka mlimani, betri asilimia 6, dada wa steshenari anafunga saa kumi na mbili.